Kinachoshuka Kwanza

Garbatulla
Jumapili, 4 Mei 2025

Kaka Abdighani,

Salaam aleikum. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nakuambia wewe kwa sababu kwenye karatasi sitauona uso wako ukicheka. Kila jioni natoa vitu vyote kwenye sanduku langu la bati na kuvipanga upya, kana kwamba bweni zima linahama alfajiri. Viatu chini, vitabu kando ya viatu, nguo katikati, kikombe juu. Wasichana wenzangu wanadhani nimepoteza kitu. Sijapoteza. Siwezi tu kutulia nikijua mzigo haujafungwa. Nikikaa mahali pamoja muda mrefu nasikia miguu ikiwasha ndani kwa ndani, pale ambapo huwezi kujikuna. Sijui kama ni ugonjwa.

Ndiyo maana barua yako niliisoma hadi katikati ya somo la hesabu. Pikapu ya Baba kubebeshwa kijumba mgongoni, chenye kitanda na jiko, iwapeleke wageni kupiga kambi mlima Ololokwe na jangwa la Chalbi! Na ukaniahidi kwamba kile kitanda chembamba cha miguuni mwa kile kikubwa, kando ya mlango, kitakuwa changu likizo ya Agosti, mradi vyombo vyote vya kambi vipate mahali pengine pa kukaa. Kaka, vitapata. Michoro iko nyuma ya barua hii.

Nguzo za hema na fimbo za kuvulia samaki zisiingie ndani kabisa. Tafuta bomba pana la plastiki, lile la maji machafu, ulilaze juu ya paa kwenye ukingo. Mfuniko mmoja ugandishwe, mwingine ufunguke kwa mkono. Meza isisimame popote, ilale chini ya godoro na ivutwe kwa nyuma kama droo. Viti vya kukunja vikae nyuma ya mlango, vibanwe kwa blada, zile kanda za tyubu kuukuu zinazonyooka na kurudi. Viatu vyenye matope vishonewe mifuko ya turubai la lori na kutundikwa nje. Mitungi ya maji iwe chini kabisa, uzito sawa kulia na kushoto. Sepetu iwe nje ubavuni, upande wa dereva. Sepetu iliyo chini ya mizigo mingine haitamsaidia mtu gari likizama mchangani.

Na usisahau ile kanuni ya Ayeeyo: kinachoshuka kwanza hupakiwa mwisho. Sijui nyanya mwingine hapo Bulla Pesa ambaye hufunga vyombo vyake kwa kamba kila jioni na hana safari. Labda nimeutoa kwake ugonjwa wangu. Msomee barua hii, ila ruka aya ya kwanza.

Elema atakuletea akirudi na lori la mboga. Simu bado ni marufuku hapa.

Dada yako,
Ikra


Bulla Pesa, Isiolo
11 Mei 2025

Profesa Ikra,

Waleikum salaam. Bomba liko juu ya paa na limekaa vizuri kuliko mimi. Ekuam alikuja kutoka Burat na mashine yake ya kuchomelea, akaishika michoro yako, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Hii imetoka kwa injinia gani?"

"Kwa dada yangu. Yuko Form Three."

"Mwambie akimaliza shule asikuje huku. Nitalala njaa." Akaangalia tena. "Lakini hapa amekosea. Sepetu haiwekwi upande wa dereva. Gari ikizama, dereva ndiye wa kwanza kusema mgongo inamuuma. Weka kwa abiria."

Kwa hiyo sepetu iko upande wa abiria.

Nimemsomea Ayeeyo, nikaruka aya uliyosema niruke. Akaniuliza, "Waryaa, kijana, mbona umekohoa hapo mwanzo?" Huyo huwezi kumficha kitu. Akataka nimsomee tena, na ile ya mitungi ya maji akanisomesha mara ya tatu.

Sasa kuna kazi nyingine. Mgeni wetu wa kwanza ni mtu mzima. Anakuja na vitu ambavyo sikuvitarajia: kiti cha kukunja chenye magurudumu, ngazi pana yenye vishikio pande zote mbili, ndoo yenye kifuniko, na mto wa mpira wa kukalia. Ngazi ni ndefu kama mlango. Nimejaribu kila kona na kila mara naishia kwenye kitanda chako. Hebu fikiria. Nakutegemea.

Kaka yako,
Abdighani


Garbatulla
18 Mei 2025

Kaka Abdighani,

Salaam aleikum. Nimefikiria wiki nzima na nitakuambia kweli: nimekasirika. Yaani tumehangaika na bomba, meza na mifuko ya viatu, halafu mtu mmoja aje na vitu vinne na kumeza nafasi yote tuliyookoa?

Lakini kitanda changu sikitoi. Kwa hiyo: ngazi ikunjwe katikati kwa bawaba na ilale juu ya paa, sambamba na bomba. Ndoo iingie chini ya jiko. Mto ujazwe hewa akifika, usisafiri umevimba. Kiti cha magurudumu kifungwe nje nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba. Kitajaa vumbi, ndiyo. Atakipangusa.

Na kama hawezi kupanda gari bila ngazi yenye vishikio, amefuata nini Chalbi? Mwambie abaki hotelini aangalie twiga kwa dirisha. Gari la kambi si wodi ya hospitali. Mtu asiyeweza kujishusha mwenyewe ni mzigo, na mzigo wenyewe hausaidii kupakua. Ekuam akisikia hiyo atacheka.

Hapa hakuna jipya. Upepo unapuliza kutwa. Jana nilisimama kwenye ua nikahesabu malori yanayopita hadi mwalimu wa zamu akaniuliza kama ninamsubiri mtu. Nikasema hapana. Nilitaka kusema ninasubiri kwenda, lakini hakuna mtu anayesema hivyo kwa mwalimu wa zamu.

Mpe Ayeeyo salamu. Mwambie bado nafunga fundo lake, lile lisilofunguka likivutwa ila likisukumwa.

Ikra


Bulla Pesa
30 Mei 2025

Ikra,

Waleikum salaam. Barua yako ilifika. Mgeni ameahirisha. Hakuna haja ya michoro mingine kwa sasa. Kitanda ni chako.

Soma kwa bidii. Mama anakusalimu.

Abdighani


Garbatulla
Jumapili, 8 Juni 2025

Kaka,

Salaam aleikum, na Idd njema iliyopita. Barua yako ya mwisho nilipoipokea nilifurahi, kisha nikaisoma tena na furaha ikaondoka. Hukuniita profesa. Hukumtaja Ekuam. Wewe huwezi kuandika barua bila Ekuam kusema kitu.

Juzi Elema alileta mkebe wa nyirinyiri wa Idd. Nyama ni tamu. Lakini mkebe ulikuwa umefungwa kwa fundo la kamba ya viatu. Kila mwaka mkebe wa Idd hufungwa na Ayeeyo, hata mwaka ule alipokuwa na homa ya matumbo. Nimekaa na ile kamba mkononi siku mbili. Nikienda darasani naenda nayo.

Nikaanza kupanga, maana ndiyo kazi ninayoiweza. Nikachukua vile vitu vinne nikaviweka kimoja kando ya kingine kichwani mwangu. Kiti chenye magurudumu. Ngazi ya vishikio. Ndoo yenye kifuniko. Mto wa kukalia. Nikauliza: mtalii gani anasafiri na ndoo ya kifuniko kutoka ng'ambo? Na kwa nini Ayeeyo atake kusomewa ile ya mitungi ya maji mara tatu, kama si yeye anayekwenda?

Nijibu mambo mawili tu. Ayeeyo ana nini? Na barua yangu ya Mei, ile ya wodi ya hospitali, uliisoma kimoyomoyo au kwa sauti?

Ikra


Bulla Pesa
13 Juni 2025

Ikra mdogo wangu,

Waleikum salaam. Niliisoma kwa sauti.

Ayeeyo alianguka wiki uliyorudi shule. Alipanda kiti kushusha furushi lake juu ya kabati, lile analofunga na kufungua kila siku. Nyonga ilivunjika. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, lakini hatembei. Mama alisema usiambiwe hadi shule ifungwe, ungeshindwa kusoma. Mimi nilikubali. Mgeni wa kwanza wa gari ni yeye. Anataka kufika mbele ya Sericho, kwenye visima alikozaliwa, anywe maji yake. Hajawahi kuniomba kitu kingine. Ile habari ya mtu mzima na vitu vyake niliiandika hivyo nipate akili yako bila kuvunja amri ya Mama.

Barua yako ilipofika alikuwa amekaa uani, amevaa shuka jipya, anaisubiri. Nilianza kusoma kwa kujidai, kama ninavyofanya siku zote. Nilipoona maneno yanakoelekea, sentensi ilikuwa imeshanitoka nusu. Nikaishusha karatasi. Akasema, "Malizia." Nikamwambia mwandiko haueleweki. Akasema, "Mwandiko wa Ikra unaeleweka hata na kipofu. Malizia." Nikamalizia.

Alicheka kidogo. Akasema, "Msichana amesema kweli. Mzigo hausaidii kupakua." Tangu hapo safari hataki kuisikia. Nimemwambia hukujua. Mama amemwambia. Ekuam naye alimwambia, "Nyanya, mimi nimechomelea hii ngazi siku tatu, sasa nipande nayo mbinguni?" Hakucheka. Anafunga furushi lake akiwa ameelekea ukutani.

Sikulaumu. Lakini daktari hasemi maneno ya kutia moyo, na kila wiki nguvu zake zinapungua. Kama haendi kabla ya Agosti, sidhani ataenda.

Abdighani


Garbatulla
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Ayeeyo Shamis, asomewe na Abdighani bila kukohoa na bila kuruka.

Salaam aleikum Ayeeyo.

Niliandika nikiwa sijui ni wewe. Nimejaribu kuandika kwamba kwa hiyo si kosa, nikafuta. Hata angekuwa mgeni kweli, angekuwa nyanya wa mtu. Nisamehe.

Abdighani hakukusomea aya ya kwanza ya barua ya kwanza, kwa sababu nilimkataza. Sasa nakuambia mwenyewe. Kila jioni mimi hulifungua sanduku langu na kulipanga upya kama mtu anayehama. Nilifikiri ni ugonjwa. Kisha nikasikia ulianguka ukishusha furushi, nikajua wewe nawe hutulii. Tuko wawili.

Sikuombi uende. Nakuuliza jambo la kazi tu, kwa sababu nimekwama na hakuna kitabu cha maktaba kinachonijibu. Ulipokuwa mtoto na watu wako walipohama, mzee asiyeweza kutembea alipakiwa wapi? Mimi niliweka kiti nje kwenye vumbi, juu ya tairi. Najua nimekosea, lakini sijui pa kukiweka. Nifundishe.

Mjukuu wako,
Ikra


Bulla Pesa
20 Juni 2025

Ikra,

Ndugu yako anaandika, mimi nasema. Nimemkataza asinitie maneno matamu mdomoni.

Waleikum salaam. Ulichoandika kiliniuma. Kiliniuma kwa sababu nilikuwa nimekifikiria kabla yako. Hayo yamekwisha.

Umeuliza bibi yangu alipakiwa wapi. Alipakiwa juu, katikati. Vijiti vya nyumba yetu vilikuwa vimepindwa, na vikifungwa kwenye ngamia huinuka pande mbili kama mbavu. Ndani ya mbavu hizo tulitandika mikeka. Juu ya mikeka tukaweka mtoto aliyezaliwa juzi, mwana-mbuzi aliyezaliwa jana, na bibi. Wote tundu moja. Mbuzi alimkojolea bibi, bibi akamtukana mbuzi huyo hadi tukafika. Hakuna aliyemwita mgonjwa. Ngamia yule aliitwa ngamia wa nyumba.

Abdighani anacheka badala ya kuandika. Andika, waryaa.

Sasa sikia, maana hili hukulijua na ndiyo sababu umekosea. Mwanamume anaweza kuwa na ngamia wote, lakini nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayesema nini kianze na nini kifuate, na kamba ya mwisho anaifunga yeye. Bibi yangu hakuweza kusimama. Ngamia alipigishwa magoti kando yake, ncha ya kamba ikaletwa mkononi mwake. Hatukuondoka kabla hajafunga. Wewe na kaka yako mmechora, mmechomelea, mmefunga. Hakuna aliyeniletea kamba.

Sijasema naenda. Nasema tu kwamba nimesukumwa hadi mlangoni, nikachungulia, na mitungi ya maji imefungwa kama ng'ombe wa mnadani. Ukija mapumziko ya nusu muhula, uje uione hii aibu.

Shamis


Garbatulla
Jumapili, 29 Juni 2025

Kaka Abdighani,

Salaam aleikum. Utakapoisoma hii mtakuwa mmerudi, inshallah, na utataka kujua kwa nini niliwaacha langoni pa shule na wewe ulishaniombea ruhusa kwa naibu mwalimu mkuu nichelewe kurudi, niende nanyi visimani. Ijumaa pale nyumbani ulikuwa msikitini, kwa hiyo hukuona. Nakuandikia yaliyotokea.

Ulipoondoka nilimsukuma Ayeeyo hadi nyuma ya gari. Nikafungua mlango, nikashusha kila kitu, hata vile tulivyovipanga vizuri. Mama alitoka na mwiko mkononi akasema, "Mmerukwa na akili? Gari lilikuwa tayari!" Ayeeyo akamwambia, "Rudi jikoni, Maryan. Lilikuwa tayari kwa wanaume."

Kisha akaanza kunituma. Mitungi kwanza. Meza. Jiko. Nikiweka vibaya alikuwa anagonga ubavu wa gari kwa pete yake, nami nashusha tena. Bomba la paani alilisifu. Akasema mamake angelitamani. Mifuko ya viatu aliihamisha kutoka mlangoni. "Kwani mimi nipande nikinusa miguu ya Abdighani?" Tulicheka hadi akashika nyonga.

Kikabaki kiti. Nilijua kinapaswa kupakiwa mwisho, mlangoni, ndani, kisile vumbi, kwa sababu kila mtakaposimama ndicho kitakachoshuka kwanza. Hapo mlangoni palikuwa na kitanda changu. Ayeeyo alikiangalia, akaniangalia. Hakunituma. Nikachukua spana ya Ekuam, nikafungua nati, nikatoa ubao wa kitanda na kuusimamisha ukutani. Nikaufunga kwa blada kiti kisigonge ukuta njiani. Kiti kikaingia kana kwamba mahali pale palipimwa kwa ajili yake.

Ningeweza kujibana kati ya Mama na Ayeeyo kwenye kitanda kikubwa. Lakini Ayeeyo anahitaji nafasi ya kugeuzwa, na hema dogo ni lako. Nililipima hilo mara mbili kichwani, nikijitafutia mwanya. Haukuwepo.

Nilimpelekea Ayeeyo ncha ya kamba pale alipokaa. Nilitaka kumsaidia, nikaikunja mikono yangu nyuma ya mgongo. Alifunga lile fundo lisilofunguka likivutwa. Akalivuta kulijaribu. Akasema, "Haya. Kesho kutwa tunakwenda." Wewe uliporudi ukamkuta anadai chai, ukadhani ni Mama aliyemshawishi.

Leo asubuhi uliniuliza, "Mbona sanduku lako umeliweka mbele ya kiti? Litatuzuia mlangoni." Ayeeyo akakujibu, "Wewe endesha." Yeye alikuwa ameshaelewa.

Njiani nilikaa nyuma, kwenye kitanda kikubwa, nikikiona kichwa cha Ayeeyo kule mbele kupitia kidirisha. Baada ya Kulamawe alianza kunyoosha kidole huku na huku, na Mama anaitikia. Sikusikia alichosema. Nilitamani barabara iwe ndefu, na miguu yangu haikuwasha hata mara moja, na hilo lilifanya kushuka kuwe kugumu zaidi.

Langoni ulifungua mlango wa nyuma na sanduku langu ndilo lililokuwa hapo. Likashuka kwanza. Nilimbusu Ayeeyo mkono kupitia dirishani. Aliniambia, "Nitakuletea maji ya kisima. Usiyamwage." Nilisimama hadi vumbi lenu lilipotua. Kisha nikabeba sanduku hadi bwenini, nikatoa nguo zote nikazipanga kwenye rafu, nikaliosha kopo langu la maji na kulianika juani, wazi. Halafu nikaenda darasani, nikafungua kitabu cha hesabu mahali nilipokiachia.

Dada yako,
Ikra